Hana Pepo, Hana Chira: Usonji Tunavyouelewa Vibaya Kisiwani

Wiki chache zilizopita nyawawa, pepo wa ziwani, walipita Mfangano, kisiwa chetu cha Ziwa Victoria. Wenzangu wa kando ya ziwa mnajua ilivyo: usiku mnene kelele huanzia boma la mbali, sufuria na mabati yakigongwa nyumba hadi nyumba ili pepo warudi majini. Mwanangu wa miaka 8, mwenye usonji (autism), aliingia chini ya kitanda, vidole masikioni, akalia mpaka sauti ikakauka. Asubuhi jirani akanijia kwa huruma. "Mama, si umejionea? Hao ni wake. Amewasikia wakipita."

Alichosikia ni sufuria. Wengi wenye usonji huumizwa na sauti ambazo sisi tunazizoea baada ya dakika mbili. Wengine ni mwanga, wengine kola ya shati la shule. Injini ya boti ya Mbita humtesa vivyo hivyo, na sijasikia mtu akisema ina pepo.

Wapo wanaosema ni chira: kuna mwiko ulivunjwa, na ajabu ni kwamba aliyeuvunja huwa mama siku zote. (Baba hata afanye nini, chira humruka.) Usonji hutokana na jinsi ubongo unavyokua tangu tumboni, na sehemu kubwa ya sababu ni za kurithi, kutoka pande zote mbili. Msidhani ni ushamba wetu tu. Miaka ya 1950 na 1960 madaktari wasomi wa Marekani na Ulaya walisema mtoto huwa hivi kwa kukosa joto la mama yake, na akina mama wakabebeshwa mzigo huo hadi utafiti ulipoupindua.

Dhana kwamba chanjo huleta usonji imetufikia kwa WhatsApp. Naelewa inakopata nguvu. Hapa Kenya chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na 18, na ni katika umri huohuo wa mwaka na nusu ambapo baadhi ya watoto wenye usonji huacha hata maneno machache waliyokuwa nayo. Wangu alikuwa akisema "pi", maji, kisha akanyamaza. Ukiwa mzazi unatafuta kilichotangulia. Lakini makala ya 1998 iliyoanzisha uvumi huo ilihusu watoto 12 tu, na jarida la Lancet liliifuta mwaka 2010. Denmark walifuatilia watoto zaidi ya 650,000. Waliochanjwa hawakupata usonji zaidi kuliko wasiochanjwa. Surua yenyewe inaua.

Mwalimu mmoja alinishauri nimsemeshe Kiingereza peke yake, eti Dholuo, Kiswahili na Kisuba cha dani (nyanya) yake vinamchanganya. Nilitii karibu mwaka mzima. Nyumba ikawa kimya, maana Kiingereza changu ni cha kujaza fomu, hakina utani wala wimbo wa kubembeleza. Tafiti zilizowalinganisha watoto wenye usonji wa lugha moja na wa lugha mbili hazijaona kwamba lugha ya pili huwachelewesha. Siku hizi ana kadi za picha nilizochora kwenye vipande vya katoni, na dani humtajia kila moja kwa Kisuba. Kadi nazo zina dhana yake, kwamba akizizoea hatasema kamwe. Hazizuii usemi. Zimempunguzia sababu ya kupiga kichwa ukutani akitaka uji.

Bila Nairobi hakuna msaada? Vituo vya tathmini ya elimu, EARC, vilianza 1984 na vipo kaunti zote. Mtoto apimwe masikio pia, maana asiyeitika jina huenda hasikii. Dawa ya kuponya usonji haipo, anayekuuzia anakuibia. Kifafa, ambacho huwapata wenye usonji zaidi ya watoto wengine, kina dawa zake, kwa hiyo akianguka msimpeleke kwa mwombezi mkamsahau daktari.

Linaloninyima usingizi ni jingine. Watu wema huniambia nimfungie ndani tu. Na hata akitoka, kisiwa ni kidogo, atapotelea wapi? Ziwani. Watoto wengi wenye usonji huponyoka bila kuona hatari, wengi huvutwa na maji, na kuzama ni miongoni mwa vinavyowaua zaidi wakiponyoka. Komeo nimejaribu, amejifunza kila moja. Kilichofaa ni kuzunguka ufukweni nikimtambulisha kwa wavuvi na akina mama wanaoanika omena: huyu haitiki jina, usimkimbize, usimpigie kelele, mwonyeshe kamba atakufuata, kisha nipigie. Mwanzoni walicheka. Kaka yangu naye anamfundisha kuogelea kwenye maji ya kiunoni, alfajiri, kabla boti hazijawasha injini.

Juzi nilipigiwa simu tatu kabla ya saa moja asubuhi, watu watatu tofauti, kila mmoja akiniambia alipo. Nilikuwa namwona. Alikuwa ameketi juu ya wavu wa mtu, akipanga maboya mstari mmoja, na mwenye wavu amesimama pembeni akingoja amalize.