Kubeba kombe si leseni ya ukocha

Ujumbe huu haufi. Kila timu inapoyumba hapa Kampala, unazunguka tena kwenye magrupu: “Mrudisheni bingwa wetu awe kocha mkuu. Aliyebeba kombe uwanjani anajua njia ya kombe.”

Si kweli. Tangu 1930, ni watu 3 tu waliotwaa Kombe la Dunia la wanaume wakiwa wachezaji, kisha wakiwa makocha wakuu. Na kocha aliyeipa klabu moja ya Italia Kombe la Ulaya 1989 na 1990 hakuwahi kucheza soka ya kulipwa.

Tunachanganyikiwa kwa sababu tunampenda bingwa wetu. Bado tunaliona lile goli lake, mpira ukigonga mwamba na kuzama wavuni. Lakini siku ile mguu uliamua wenyewe, kufumba na kufumbua. Kocha lazima amweleze kijana wa miaka 19, hatua kwa hatua, asimame wapi kabla mpira haujamfikia.

Ukitaka kumpima, uliza ana leseni ya daraja gani, ubingwa hauitoi. Amefundisha nani, hata akiwa msaidizi? Wachezaji hao walipanda kiwango? Huenda akafaa kabisa, nami ningefurahi mno. Ila ujumbe ule ukikufikia, tafadhali usiusambaze.