Kopo la baruti juu ya moto

"Mwanangu, pale juu ni pakavu, unyevu haufiki." Mzee aliniambia hivyo huku akininyooshea kidole kichanja cha jikoni kwake, katika kijiji kimoja cha Chunya. Katikati ya mahindi ya mbegu yaliyojaa masizi kulikuwa na kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kitambaa. Ndani yake kulikuwa na baruti inayokaribia kilo. Chini yake, makaa yaliyopikia ugali wa mchana yalikuwa hayajazima.

Hakuwa mjinga yule mzee. Nguruwe pori walikuwa wanammalizia mahindi, baruti ya gobore imekuwa adimu, na kila alipoipata alinunua zaidi ya aliyohitaji. Ndivyo tufanyavyo hata kwa sukari. Katika kazi yangu ya ukaguzi wa baruti nakutana na akiba za namna hii mara nyingi, na wenyewe karibu wote wanaogopa kitu kimoja tu, unyevu. Moto, ambao ndio hatari yenyewe, hawauhesabu.

Tuanze na aina, maana neno "baruti" tunalitumia kwa vitu viwili visivyofanana. Ipo baruti nyeusi ya kale, mchanganyiko wa chumvi ya shura, mkaa na salfa. Hii haizeeki. Ikiloa na kukauka tena huweza kuwaka vilevile, na cheche moja ya msumari uliogonga jiwe inaitosha. Ya pili ni baruti isiyo na moshi, iliyobuniwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, ambayo asili yake ni pamba iliyopikwa kwa tindikali. Ndiyo iliyomo kwenye risasi za kisasa. Hii huzeeka, na joto ndilo linaloizeesha haraka. Ikianza kuoza hutoa harufu kali ya tindikali inayowasha pua, kopo hushika kutu kwa ndani, na vumbi jekundu huonekana. Ikifikia hapo inaweza kujipasha moto yenyewe hadi ikawaka bila mtu kuigusa. Manowari ya Kifaransa Liberté ililipuka bandarini Toulon mwaka 1911 kwa sababu ya baruti ya aina hii iliyoharibika, na ile ilikuwa mali ya jeshi, yenye walinzi.

Sasa kubadilisha. Mtu anakosa baruti nyeusi, anafungua risasi za kisasa na kumimina baruti yake kwenye gobore kwa kipimo kilekile cha kifuniko cha soda. Waulize mafundi wa tairi pale Uyole: tairi la lori linaloelekea Tunduma hujazwa upepo wa psi 100 na ushee (psi ni kipimo cha msukumo), na likipasuka linaweza kuua. Risasi ya kisasa ya bunduki kubwa inaweza kufikisha psi 60,000 ndani ya kasiba, yaani mtutu. Kasiba ya gobore, ambayo mara nyingi ni bomba la maji lililochongwa na mhunzi, haiwezi kubeba mzigo huo. Inapasuka upande wa nyuma, mahali penye shavu na jicho la mpigaji. Wanaokwangua vichwa vya njiti za kiberiti nao wasijione wajanja. Unga ule huwaka kwa kusuguliwa tu, hata ukiwa bado mkononi.

Vijana wananiletea video za Wamarekani wanaojaza upya maganda ya risasi mezani kwao. Kweli, kule inaruhusiwa, na mwaka 2020 baruti na fataki za kuwashia risasi zilipoadimika madukani watu walilimbikiza sana. Lakini hata wao kanuni zao za zimamoto zinaweka mipaka: nyumbani hadi paundi 20, yaani kilo 9 hivi, katika makopo ya kiwandani, na ikizidi hapo masharti huongezeka. Na mjazaji makini hafanyi makisio. Baruti mbili zinaweza kufanana rangi na punje, moja ikawaka polepole kwa bunduki, nyingine upesi kwa bastola. Ukizibadilisha kwa kipimo kilekile, bunduki inakufumukia usoni. Asiyekuwa na jedwali la kiwanda la baruti ileile hajazi. Kwetu kutengeneza risasi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015, na gobore nalo ni silaha, linahitaji kibali.

Ukikuta kopo la marehemu babu darini, usilifungue, usilitikise, usilimwage chooni wala kulichoma shambani. Usilipakie bodaboda kulipeleka kituoni. Zima moto wa jikoni, toa watoto, mwambie mwenyekiti wa kijiji, na polisi waje walichukue wenyewe.

Kopo la mzee lilichukuliwa siku ya pili. Alilitazama likiondoka, kisha akanigeukia: "Na nguruwe je?" Nikamwandikia namba ya afisa wanyamapori wa halmashauri, maana wanyama waharibifu ni kazi yake. Aliikunja karatasi akaitia mfukoni, akasema atampigia kabla mahindi hayajakomaa.