Je, wajua chipu ya dola moja inawezaje kusoma kifaa ambacho haikuundiwa?

Fungua kisanduku cha umeme kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga iliyoundwa na fundi wa Kampala, utakuta waya nyingi zinakutana kwenye chipu moja nyeusi ya milimita 7 kwa 7. Waya mmoja unatoka kwenye kihisi cha joto na unyevu. Mwingine unaamuru relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, inayowasha taa za joto, mwingine mota inayogeuza mayai, na mwingine modemu inayomtumia mwenye kuku ujumbe wa simu umeme ukikatika. Mara nyingi fundi ameongeza mkanda wa taa za rangi mlangoni, kijani kama hali ni nzuri, nyekundu kama joto limepita nyuzi 37.5.

Kila kimoja cha vifaa hivyo kina utaratibu wake wa kupandisha na kushusha volti kwenye waya, na hakuna kinachosikia utaratibu wa mwenzake. Chipu ya katikati, tuseme ni RP2040 ya kampuni ya Raspberry Pi, ilipoanza kuuzwa peke yake mwaka 2021 bei yake ilikuwa dola 1, yaani kati ya shilingi 3,500 na 4,000 za Uganda. Walioichora hawakuweka ndani yake sehemu yoyote maalumu ya kusoma kihisi hicho, wala ya kuendesha taa hizo. Lakini inavisoma na kuviendesha, tena bila kuchoka. Inawezaje?

Kwanza tuone jinsi chipu za kawaida zinavyofanya. Maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyomo ndani ya chipu moja, huja na vitengo vilivyokwisha kuchongwa kwenye silikoni, kila kimoja kwa kazi yake. Kuna UART ya kuongea na modemu au GPS, kuna SPI ya kadi za kumbukumbu na skrini, kuna I2C ya vihisi. Ukivitumia kwa kazi yake, vinafanya kazi vizuri mno. Shida ni idadi. ATmega328P, chipu ya Arduino Uno ambayo wanafunzi wengi wa uhandisi huanzia nayo, ina UART moja tu, na hiyo hiyo ndiyo inayotumika kuingizia programu kupitia USB. Ukitaka kufuatilia bodaboda kwa GPS na kutuma mahali ilipo kwa modemu, unahitaji mbili. Hapo umekwama. Kuna programu ya kuigiza UART ya pili, ila ukifungua mbili za namna hiyo, ni moja tu inayoweza kusikiliza kwa wakati mmoja.

Mtu aliye Shenzhen, China, akikwama hivyo huenda dukani na kuchagua chipu nyingine ya ukoo uleule. ATmega2560, kwa mfano, ina UART 4. Fundi wa Kampala huchukua kilichopo rafuni siku hiyo, au anaagiza nje na kusubiri mzigo. Ndiyo maana naona jambo hili lina uzito zaidi kwetu kuliko kwa wale wanaotengeneza chipu. Chipu moja inayoweza kugeuzwa kuwa kitengo chochote unachokikosa inaokoa wiki nzima za kungoja.

Njia ya zamani ya kujinasua ni kuifanya prosesa yenyewe, yaani ubongo wa chipu, ihesabu mapigo ya saa yake na kupandisha au kushusha volti ya pini, mguu wa chipu, kwa wakati. Inawezekana, na watu wengi wamefanya hivyo kwa ustadi mkubwa, lakini gharama yake ni kubwa. Chukua taa za WS2812, zile za rangi zinazouzwa kwa mita. Kila taa inataka biti 24, na kila biti huchukua maikrosekunde 1.25. Ikiwa volti imekaa juu karibu maikrosekunde 0.4, taa inasoma sifuri. Ikikaa juu karibu 0.8, inasoma moja. Arduino Uno hupiga mapigo milioni 16 kwa sekunde, kwa hiyo biti nzima ina mapigo 20 tu. Prosesa haiwezi kugeuka kushoto wala kulia. Inalazimika kuzima katizo zote, yaani kufunga masikio kwa kila kinachoita, hadi imalize. Kwa taa 100 hiyo ni milisekunde 3. Kama modemu inatuma data kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde, baiti moja, yaani biti 8 pamoja na 2 za kuanza na kumaliza, hufika kila baada ya maikrosekunde 87 hivi. Katika milisekunde hizo 3, zaidi ya baiti 30 zitapotea, na ujumbe utafika vipandevipande.

Fikiria kamunye, ile matatu nyeupe ya Kampala, ikiendeshwa bila konda. Dereva anaendesha, anafungua mlango, anapokea nauli, anahesabu chenji. Safari itafika, lakini kila anapogeuka kutoa chenji hakuna anayeangalia barabara. Konda hahitaji kujua kuendesha gari. Anahitaji maneno machache anayoyajua vizuri, mkono wa haraka, na mahali pa kuweka pesa hadi dereva azitake.

Hicho ndicho RP2040 ilichopewa, na jina lake ni PIO, kifupi cha Programmable Input/Output, yaani kuingiza na kutoa kunakoweza kupangiwa programu. Pembeni ya prosesa zake mbili kuna vitengo viwili vya PIO, kila kimoja na mashine ndogo 4, kwa hiyo jumla ni 8. Mashine hizi zina kazi moja tu, kugusa pini. Nafasi ya programu ni maagizo 32 kwa kila kitengo, na mashine zote 4 zinagawana nafasi hiyo. Aina za maagizo ni 9 tu: ruka, subiri, ingiza biti, toa biti, sukuma kwenye foleni, vuta kutoka kwenye foleni, hamisha, pandisha bendera ya katizo, weka thamani. Hakuna agizo la kujumlisha wala la kuzidisha. Anayezoea programu za kawaida ataona huu ni umaskini mtupu, lakini uchache huo ndio unaozifanya ziwe ndogo kiasi cha kutoshea kwenye chipu ya bei hii.

Nguvu yake iko kwenye muda. Kila agizo linachukua pigo moja la saa, na unaweza kuliambatishia mapigo ya ziada ya kusubiri, hadi 31. Kila mashine ina kigawanyo chake cha saa, kwa hiyo moja inaweza kukimbia kwa megahezi 125, yaani mapigo milioni 125 kwa sekunde, huku jirani yake ikienda polepole mara mamia. Hakuna katizo linaloweza kuikata katikati. Uliyoyaandika ndiyo yatakayotokea kwenye waya, kila mara, kwa pigo lilelile. Data hupita kwenye foleni mbili, moja ya kwenda na nyingine ya kurudi, kila foleni ikibeba vifurushi 4 vya biti 32. Prosesa inaweka kilichopo na kuendelea na shughuli zake.

Sasa turudi kwenye kihisi cha unyevu, kwa sababu hapa ndipo mambo yanapoonekana kwa macho. DHT22 inatumia waya mmoja tu wa data. Maikrokontrola inaushusha waya kwa milisekunde 1 au zaidi kidogo, kisha inauachia. Kihisi kinajibu kwa kuushusha kwa maikrosekunde 80 na kuupandisha kwa 80 nyingine. Baada ya hapo zinakuja biti 40: 16 za unyevu, 16 za joto, na 8 za kuhakiki, ambazo ni jumla ya baiti 4 zilizotangulia. Kila biti inaanza kwa waya kushuka maikrosekunde 50, halafu unapanda. Ukikaa juu 26 hadi 28, hiyo ni sifuri. Ukikaa 70, hiyo ni moja.

Prosesa ikijipimia muda huo yenyewe, katizo dogo tu la makumi ya maikrosekunde linatosha kuifanya isome sifuri kama moja. Jumla ya kuhakiki itakataa, na usomaji mzima utatupwa. Ndiyo maana programu nyingi za kihisi hiki huzima katizo kwa milisekunde 3 hadi 5, na hapo modemu nayo inaanza kupoteza maneno. Mama mfugaji akija kulalamika kwamba mashine "inasahau unyevu kila inapotuma ujumbe", fundi anayejua hili hatabadilisha kihisi. Atamjibu, "Mama, kihisi chako ni kizima. Vinagombania muda tu, acha nivitenganishe."

Na kuvitenganisha kwa PIO ni kazi ya kushangaza kwa ufupi wake. Punguza saa ya mashine moja ya PIO hadi kila pigo liwe maikrosekunde 2, yaani gawanya megahezi 125 kwa 250. Kisha, baada ya kuruka ile salamu ya mwanzo kwa maagizo machache ya kusubiri, andika matatu haya: subiri waya upande (ukishapanda ongeza mapigo 20), ingiza biti moja kutoka kwenye pini, subiri waya ushuke. Rudia.

Tazama kinachotokea. Pini inasomwa takriban maikrosekunde 42 baada ya waya kupanda. Kama biti ilikuwa sifuri, waya umekwisha kushuka tangu ya 28, na mashine inaokota 0. Kama ilikuwa moja, waya bado uko juu hadi ya 70, na inaokota 1. Hakuna kupima muda, hakuna kulinganisha, hakuna hesabu. Ni kuangalia mara moja, kwa wakati unaofaa. Unaweza kuiagiza mashine isukume kwenye foleni kila inapotimiza biti 8, na kurudi mwanzo wa mzunguko hakuli hata pigo moja. Mimi huona uzuri mkubwa katika maagizo hayo matatu. Taa za WS2812 nazo zinaendeshwa kwa programu ya maagizo 4, na hiyo inabaki na nafasi tele.

Wazo la kumpa prosesa msaidizi wa pini halikuanza mwaka 2021. Chipu za PIC, ambazo mafundi wa redio na kengele za wezi wanazijua, zilianzia General Instrument miaka ya 1970 kama msaidizi wa prosesa ya CP1600, iliyokuwa dhaifu kwenye kazi za kuingiza na kutoa. Msaidizi akaishi kuliko bosi wake. Motorola nao waliweka kwenye 68332 kitengo chenye njia 16 cha kupangia muda, na chipu hiyo ikaingia kwenye kompyuta za injini za magari. Kilichobadilika ni bei.

Wengine wamechukua njia tofauti. ESP32, chipu ya mwaka 2016 yenye WiFi ndani, ina kitengo kinachoitwa RMT. Kilikusudiwa kwa rimoti za televisheni: unakiandikia orodha ya "juu kwa muda huu, chini kwa muda huu" nacho kinaitekeleza. Watu wakagundua haraka kwamba orodha hiyohiyo inaweza kuwasha taa za WS2812. ESP32 pia inakuruhusu kuelekeza kitengo karibu chochote kwenye pini karibu yoyote, jambo linalomfaa sana anayelehemu ubao kwa mkono na kukuta waya zinapishana. Lakini RMT haiamui kitu. Inafuata orodha, au inaandika muda iliouona, basi. PIO inaweza kusubiri, kuruka na kuchagua.

Kwa sababu hiyo watu wameisukuma PIO mbali. Wameandika kwa PIO programu ya CAN, ule mfumo unaounganisha kompyuta za ndani ya gari, likiwemo gari la mtumba kutoka Japani. Wameunda USB ya kupokea kibodi. Wametoa hata picha ya video ya nukta 640 kwa 480 kwa kuikimbiza chipu megahezi 252, ingawa wakati huo ilikuwa imeandikiwa mwisho 133.

Haiwezi kila kitu. Maagizo 32 yanaisha haraka ukiwa na vifaa vingi vyenye taratibu tofauti. Haishughuliki na volti za analogi, yaani zile zisizo za juu au chini tu. Na kwa kazi iliyo na kitengo chake tayari, tumia kitengo hicho. RP2040 ina UART 2, SPI 2 na I2C 2, hakuna haja ya kuzichakaza mashine za PIO kwa kazi hizo. Mrithi wake, RP2350 wa mwaka 2024, ana vitengo 3 vya PIO badala ya 2, hivyo mashine 12, na ubao wake wa Pico 2 ulitoka kwa dola 5.

Ukitaka kujaribu kwenye mashine ya vifaranga, anza na DHT22 ukiipa volti 3.3, inazikubali. Vifaa vingine vinavyouzwa madukani kwetu hutoa volti 5 kwenye waya wa data, na pini za RP2040 hazivumilii 5. Pima kwa mita kabla ya kuunganisha, na ukikuta 5, weka rezista mbili za kuigawa, kilo-omu 1 upande wa kifaa na kilo-omu 2 upande wa ardhi. Pini ichukue katikati yake, hapo utapata volti 3.3.