Feni ya kabineti inanguruma, ila nani kaipima?

Wenzangu wa maabara hasa huku Arusha na Moshi, leo naomba tuongelee kabineti, lile kasha lenye feni na filta tunalofanyia kazi sampuli hatari, maana kwenye semina za bayosefti (usalama dhidi ya vijidudu) tunaongea sana glavu, barakoa na kunawa mikono, ila ile kabineti tunayofungulia makohozi ya wagonjwa wa TB kila siku tunaipita tu.

Kabineti ya daraja la pili inakulinda kwa hewa. Kuna hewa inayovutwa kwa mbele ili vijidudu visikurudie usoni, kuna inayoshuka toka juu ikiwa imeshachujwa, inalinda sampuli, na inayotoka nje inapita kwenye filta ya HEPA inayonasa angalau asilimia 99.97 ya chembe za maikromita 0.3. Sasa taa inaweza kuwaka na feni ikanguruma vizuri kabisa, kumbe filta imeachia pembeni au mvuto wa mbele umeshuka, na wewe huoni kitu. Ndo maana inatakiwa ipimwe ikisimikwa, kila mwaka, na kila ikihamishwa, hata kama umeisogeza chumba cha pili tu. Kwa aina ya A2, ambayo ni mojawapo ya hizo za daraja la pili, kiwango cha Marekani cha NSF/ANSI 49 kinataka mvuto wa mbele usipungue mita 0.51 kwa sekunde, cha Ulaya cha EN 12469 kwa daraja la pili ni mita 0.40, kwa hiyo usiridhike na stika ya kuonesha imepimwa, omba ripoti yenye namba. Na ile ya kushika kipande cha tishu kuona kama kinavutwa ndani haitoshi jamani, haikwambii chochote kuhusu filta.

Shida ni mpimaji. Anahitaji anemomita ya kupima kasi ya hewa, moshi wa kuonesha hewa inaelekea wapi, fotomita ya kukagua kama filta inavuja, na vifaa vyenyewe navyo vinafanyiwa kalibresheni, yaani kuhakikiwa usahihi wake. Hospitali moja kumwita kwa kabineti moja ni gharama kubwa mno. Hapa ndo nataka vyama vyetu vya kitaaluma vya Tanzania, Kenya na Uganda vikae pamoja vipange kalenda moja: mpimaji amalize Nairobi, avuke Namanga, afanye Arusha, Moshi mpaka Kibong'oto kule Siha, safari tuigawane.

Mtu atasema cheti cha mpimaji wa nchi nyingine hakitambuliki huku. Mbona wahandisi wa Afrika Mashariki walisaini makubaliano ya kutambuana 2012, na madaktari wa mifugo nao wanayo? Na kwenye ule mradi wa mtandao wa maabara za Afrika Mashariki ulioanza 2010, ECSA (jumuiya ya afya ya nchi za Afrika Mashariki, Kati na Kusini) ikiwa mratibu, wakaguzi wa nchi moja walikuwa wanaenda kukagua maabara za nchi nyingine na kazi ikaenda. ECSA wako hapahapa Arusha, makao makuu ya EAC nayo yako hapahapa, sasa tunasubiri nini? Marburg, ile homa hatari ya virusi, imeshatupiga Kagera 2023 na tena 2025, tunajua sampuli za namna hiyo zinaweza kuingia mezani kwa nani kabla hata haijajulikana ni nini.

Kwa kuanzia, kila maabara iandike aina ya kabineti, namba yake na tarehe ya mwisho kupimwa, iwapelekee viongozi wa chama mkoani, maana bila hiyo orodha hakuna wa kupangiwa safari. Longido na Rombo msijitoe, nyie mko mpakani kabisa, na Longido mpimaji atapita mlangoni kwenu.