"Haimo Kwenye Maelezo Yangu ya Kazi": Sawa, Halafu?

Wiki iliyopita nililetewa tena kesi ya deki. Chupa ya mafuta ilianguka na kupasuka hatua tatu kutoka kaunta ya keshia mmoja, mfanya usafi alikuwa stoo, na msimamizi akamwambia keshia achukue ndoo apige deki. Keshia akajibu: "Haimo kwenye maelezo yangu ya kazi." Wakabishana hapo hapo mbele ya wateja, na wakati wanabishana mama mmoja akateleza. Bahati nzuri alidaka rafu, hakuanguka. Mezani kwangu zikafika barua mbili, ya onyo kutoka kwa msimamizi na ya malalamiko kutoka kwa keshia.

Nikizisoma, nikaona zote mbili zimesimama juu ya imani ileile ambayo nimeisikia mpaka naiota usiku. Keshia anaamini ile karatasi ya maelezo ya kazi ni uzio wa seng'enge, na kilicho nje ya uzio hakimhusu. Msimamizi naye ameshika mstari wa mwisho wa karatasi hiyo hiyo, ule wa "na kazi nyingine zozote atakazopangiwa", kama mtu aliyepewa hati ya kumiliki binadamu. Nimesuluhisha migogoro ya kazi madukani kwa miaka kumi na minne, na kabla ya hapo nilikaa kaunta mwenyewe. Wote wawili wamekosea, na nimechoka kulisema hili kwa mdomo.

Karatasi hizo nazijua kwa sababu nimeziandika nyingi. Nafasi inatangazwa, ofisa utumishi anafungua maelezo ya mwaka juzi, anabadilisha tarehe, anaongeza "awe mchapakazi anayejituma", anachapa. Hakuna aliyekaa kuwaza kama keshia atapiga deki au hatapiga. Hata sheria zenyewe hazidai mengi. Uingereza, Sheria ya Haki za Ajira ya 1996 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maandishi yenye cheo chake au maelezo mafupi ya kazi yake. Soma hiyo "au" mara mbili. Neno moja, "keshia", linatosha. Maagizo ya Umoja wa Ulaya ya 2019 kuhusu mazingira ya kazi yaliyo wazi yanakwenda njia hiyo hiyo: cheo, daraja, aina ya kazi, au maelezo mafupi. Kinachokubana wewe na mwajiri wako ni mkataba mzima pamoja na sheria za nchi yako, makubaliano ya chama cha wafanyakazi kama kipo, na yale ambayo watu wa kazi yako wamekuwa wakiyafanya siku zote. Maelezo ya kazi ni ushahidi mmojawapo, na mara nyingi ni ushahidi dhaifu.

Mwaka 1984 mahakama ya Uingereza ilisikiliza watumishi wa kodi waliogoma kutumia kompyuta, hoja yao ikiwa waliajiriwa kufanya hesabu kwa karatasi na kalamu. Walishindwa. Mahakama ilisema kazi ni ile ile, kilichobadilika ni namna ya kuifanya, na mfanyakazi anatarajiwa kujifunza mbinu mpya ili mradi afundishwe. Kabla ya hapo, mwaka 1972, wafanyakazi wa reli wa huko huko walikuwa wamefuata kitabu cha kanuni neno kwa neno hadi treni zikavurugika, na mahakama ya rufani ikaona huko nako ni kuvunja mkataba. Sisemi hukumu hizo zinafungamanisha nchi yako. Lakini mantiki yake utaikuta kila mahali: unatakiwa kutii agizo halali na la busara lililo ndani ya aina ya kazi uliyoajiriwa.

Sasa msimamizi asianze kushangilia, zamu yake inakuja.

Hilo neno "nyingine" linanikera kuliko yote. Nikikwambia niletee vikombe, sahani, bakuli "na vinginevyo", utaniletea vijiko au sinia, hutaniletea matairi. Ndivyo wanasheria wanavyosoma orodha yenye mkia wa namna hiyo: kilichotajwa mwanzo ndicho kinachoupa mkia maana yake. Keshia kupanga bidhaa kwenye rafu foleni ikiisha, hiyo ni nyingine. Kusaidia kuhesabu mali mwisho wa mwezi ni nyingine pia, na kufuta kaunta yake na sakafu inayoizunguka hata isingeandikwa popote. Kuosha gari la meneja si kazi ya duka, na mkia mrefu kiasi gani hauwezi kuifanya iwe ya duka. Niliwahi kukuta mtu wa mauzo akitumwa kila Ijumaa kumchukua mtoto wa bosi shuleni, na bosi alinionyesha mstari ule wa mwisho akiwa amenyooka kabisa, hana hata chembe ya haya. Nilimuuliza mtoto yuko rafu namba ngapi.

Kwa hiyo swali la "imeandikwa au haikuandikwa" huwa naliweka pembeni. Kuna mambo mengine nauliza.

La kwanza ni hatari, na hapa watu wanalegea pale wanapotakiwa kukaza. Yule yule anayekataa deki ya mafuta atakubali bila neno kusimama juu ya kreti lililopinduliwa, juu ya kaunta, abadilishe taa. Atakubali kusafisha choo akiwa hajafundishwa dawa. Choo si aibu, lakini mtu asiyejua huona dawa moja haitoshi, akaongeza na nyingine. Blichi ikikutana na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na yenye amonia hutoa kloramini. Zote zinachoma mapafu, na choo cha duka kwa kawaida ni chumba kidogo chenye dirisha dogo au kisicho na dirisha. Nilimkuta kijana mmoja amekaa kwenye ngazi za nyuma, macho mekundu, anakohoa na kuniomba radhi kwa kuacha kazi katikati. Mfanya usafi alikuwa likizo na hakuna aliyemwambia huyu kijana lolote zaidi ya "vifaa viko pale". Kesi kama hiyo ndiyo ya kuandikia barua.

Mashine ya kukandamizia maboksi, foklifti, msumeno wa buchani, kama hujafunzwa usiguse, na mjadala unaishia hapo. Marekani, sheria ya shirikisho inamkataza aliye chini ya miaka 18 kuendesha foklifti, na kwa mashine ya maboksi inamkataza kuiendesha au kutoa mzigo ndani yake. Kuhusu kubeba: pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la 1967 liliweka kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo ambao mwanamume mzima anabebeshwa kwa mikono, na kiwango hicho wataalamu wa migongo wa leo wanakiona kikubwa mno. Kukimbiza mwizi hadi barabarani sikuzungumzii, ukifanya hivyo kwa ajili ya boksi la sabuni nitakugombeza mimi.

Hapo kwenye hatari ndipo unapokuwa na haki ya kusema hapana palepale. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1981, ibara ya 13, unataka alindwe mfanyakazi aliyejiondoa kwenye hali ambayo ana sababu za msingi kuamini ina hatari kubwa na ya karibu kwa uhai au afya yake. Uzito upo kwenye "sababu za msingi". Hutakiwi kuwa injinia aliyethibitisha kwamba ngazi ingevunjika, unatakiwa uwe umeona mguu wake umepasuka na useme umeuona. Nchi zinatofautiana jinsi zinavyouweka mkataba huu kwenye sheria zao, na nyingine hazijauridhia. Uliza ya kwako inasemaje kabla ya kuninukuu kwa bosi.

La pili ni pesa, na hili hulikalia watu wachache ilhali linaumiza wengi. "Nishikie kaunta dakika tano." Maneno hayo yamekatisha watu mishahara. Wewe ni wa rafu, keshia anakwenda msalani, anakuachia droo ikiwa wazi na namba yake ya siri ikiwa imeshaingia kwenye mashine. Unauza, unarudisha chenji, anarudi. Jioni wanafunga hesabu, kuna shoti, yaani pesa zimepungua. Ya nani? Mashine inasema ya keshia, keshia anasema ya kwako, na meneja anasema mgawane, kwa uso wa mtu aliyetoa hukumu ya hekima. Hakuna hekima hapo. Droo ambayo haikuhesabiwa ilipobadilisha mikono haina mwenyewe, na shoti yake huwezi kumtwisha mtu kwa haki. Nikiitwa kwenye kesi hizi naomba kitu kimoja tu, karatasi ya makabidhiano, na karibu kila mara haipo.

Uingereza wafanyakazi wa rejareja wana kinga ya pekee katika jambo hili: makato ya upungufu wa pesa au wa mali hayaruhusiwi kuzidi sehemu moja ya kumi ya mshahara ghafi wa siku ya malipo, isipokuwa kwenye malipo ya mwisho mtu anapoondoka. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1949, nao unasema makato yafanyike tu kwa masharti yaliyowekwa na sheria, makubaliano ya pamoja au uamuzi wa msuluhishi. Kwa hiyo kushika kaunta si lazima ukatae. Sema: tuhesabu kwanza, niingie kwa namba yangu. Watakuona una mambo mengi. Kuwa nayo.

Muda nao, kwa haraka: kazi ya ziada inayofanyika kabla hujasaini mahudhurio au baada ya kutoka ni suala la malipo. Usilichanganye na suala la majukumu, maana nimeona watu wakishinda hoja ya majukumu na saa zao zikapotea hivyo hivyo.

La tatu linanisumbua hata mimi, nalo ni mazoea. Kufanya jambo mara moja ni msaada. Ukilifanya kila siku, kazi yako imeshabadilika na hakuna aliyekwambia. Namkumbuka dada mmoja wa mauzo aliyepewa funguo za duka msimamizi wake alipougua. "Wiki mbili tu." Alikuja kwangu miezi minane baadaye. Funguo alikuwa amezifunga kwa utepe kwenye kifundo cha mkono, na utepe ulishaacha alama kwenye ngozi. Alikuwa anafungua duka, anapanga zamu, anasaini mizigo inapoingia, anapokea lawama zote, na mshahara ni ule ule wa mauzo. Hakuwa na barua ya kukaimu, wala posho. Nilipomuuliza meneja, alisema: "Lakini hakulalamika." Ni kweli, hakulalamika, na kwenye usuluhishi hilo ndilo lililotukwamisha, kwa sababu ukimya wa miezi minane unaweza kusomeka kama kukubali.

Mabadiliko ya kazi huanza lini hasa? Wiki ya tatu? Mwezi wa pili? Kuna sehemu kanuni zinataja idadi ya siku za kukaimu, na sehemu nyingi hazisemi kitu. Mimi huwaambia watu siku thelathini, lakini namba hiyo sikuitoa kwenye kitabu chochote. Nimeichagua kwa sababu mtu anaikumbuka, na kwa sababu mshahara unapita hapo mara moja, akaona kama kuna kilichoongezeka.

Ushauri wangu wa kawaida, ambao pia una walakini, ni huu: kama agizo ni halali na halina hatari, lifanye, kisha andika siku hiyo hiyo. Mistari mitatu inatosha. "Leo saa nane mchana nimeagizwa na fulani kufanya jambo fulani. Nimelifanya. Naomba kufahamishwa kama ni la muda na litaisha lini." Usiweke hasira wala vifungu vya sheria. Ukikataa kwanza, kesi inageuka kuwa ya utovu wa nidhamu, na swali la kama agizo lilikuwa la haki linazikwa chini yake. Walakini ni kwamba ninayemshauri hivyo ndiye anayepangiwa zamu wiki ijayo na yule yule aliyemwandikia. Nimeona ujumbe wa mistari mitatu ukimrudishia mtu posho ya miezi mitano. Pia nimeona aliyeuandika akipangiwa zamu za usiku mfululizo, na hakuna popote palipoandikwa kwamba ni adhabu. Sina dawa ya hilo. Pale penye chama cha wafanyakazi huwa nawaambia waandike wawili au watatu kwa pamoja.

Kesi ya deki niliimaliza kwa nusu saa. Keshia alitakiwa kupiga deki: mafuta yalikuwa mbele ya kaunta yake, ndoo ilikuwepo, na hakuna sumu wala ngazi. Onyo nalo nililifuta, kwa sababu msimamizi hakuwahi kumfundisha mtu yeyote nini kifanyike kitu kinapomwagika, na alibishana badala ya kuziba njia. Nikauliza kile kibao cha manjano cha sakafu inayoteleza kilikuwa wapi siku hiyo. Wakatazamana. Kilikuwa kimeegemezwa kwenye mlango wa stoo, unajifunga wenyewe usipozuiwa.