Kutoka RN hadi BSN Marekani: dhana potofu zinazowagharimu wauguzi

Wauguzi wengi wa Kenya, Tanzania na Uganda walioko Marekani walisomea diploma nyumbani, au walianza kama CNA (wasaidizi wa wauguzi) katika nyumba za wazee kisha wakasoma ADN, digrii ya miaka miwili, kwenye chuo cha jamii. Wote wana leseni ya RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa. Hatua inayofuata ni BSN, digrii ya kwanza ya uuguzi, na vyuo vikuu vina kozi za RN-to-BSN zilizopangwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari anahudumia wagonjwa. Kozi zenyewe hazimshindi muuguzi anayefanya kazi. Kinachomkwamisha ni kuanza kulipa ada kabla hajajua amebakiza nini, na hapo ndipo maneno ya kuambiana kwenye vikundi vya WhatsApp yanapowaumiza watu.

“Utafanya NCLEX upya”

Hapana. NCLEX-RN ni mtihani wa leseni, hauhusiani na digrii. Mwenye diploma, mwenye ADN na mwenye BSN hufanya mtihani uleule. Ukimaliza BSN unabaki na leseni ileile na mipaka ileile ya kazi. Ila programu hizi hudai leseni ya RN iliyo hai na isiyo na vikwazo, kwa hiyo LPN (muuguzi wa leseni ya chini ya RN) anayeziangalia aanze na programu za kumvusha kwenda RN.

“Miezi kumi na miwili, umemaliza”

Hii ndiyo dhana inayokula pesa nyingi kuliko zote. Tangazo la miezi 12 kwa kawaida huhesabu kozi za uuguzi peke yake, yaani krediti kama 30 (krediti ni kipimo cha ukubwa wa kozi). Digrii ya kwanza Marekani ni krediti 120 za mihula. (Vyuo vinavyogawa mwaka kwa robo huhesabu 180, na krediti 3 za robo ni sawa na 2 za muhula. Ukilinganisha ada za vyuo viwili bila kubadilisha hesabu hii, utadhani kimoja ni cha bei rahisi kumbe sivyo.)

Tuchukue mfano wa mwenye diploma ya KRCHN, ile ya uuguzi wa afya ya jamii ya Kenya. Tuseme chuo kinampa krediti 30 kwa sababu ya leseni yake, na kutoka kwenye transkripti kinakubali 36: anatomia, mikrobiolojia, lishe, saikolojia, sosholojia na mengine. Ongeza 30 za kozi za uuguzi atakazosoma, jumla 96. Zimebaki 24, yaani kozi nane za krediti tatu tatu, na hizo hazimo katika ile miezi 12. Akisoma mbili kwa muhula, ni mihula minne ya ziada ambayo hakuna aliyemtajia.

Kozi zinazobaki huwa ni zilezile: takwimu, uandishi wa Kiingereza, sanaa au falsafa, mara nyingine kemia. Anayesoma katika chuo cha umma Texas ana mzigo wake wa pekee, kwa sababu mtaala wa msingi wa jimbo hilo unadai krediti 6 za historia ya Marekani na 6 za serikali na siasa. Hakuna diploma ya Nairobi au Dar es Salaam itakayokuwa na hizo. Ndiyo maana RN wa Dallas au Houston huona mwenzake wa jimbo jingine akimaliza mapema ilhali walianza pamoja.

Njia ya kupunguza gharama ipo, na hufanya kazi kabla ya kujisajili chuo kikuu, si baada ya hapo. Kozi za jumla zichukue chuo cha jamii cha karibu, au ufanye mitihani ya CLEP, inayokupa krediti bila kusoma kozi, kwa masomo kama saikolojia, sosholojia, serikali ya Marekani na historia. CLEP haina mtihani wa takwimu. Kwa somo hilo tafuta DSST, mitihani mingine ya aina hiyo, au ulisome chuo cha jamii. Kabla ya kulipia mtihani wowote, pata barua pepe ya ofisi ya msajili inayosema kozi hiyo itahesabiwa na itaingia mahali gani katika digrii yako. Neno la mdomo la mshauri wa udahili halitoshi, maana kazi yake ni kukuingiza, na anayekubali krediti ni msajili. Uliza pia kama masomo ya sayansi yana ukomo, kwa kuwa baadhi ya vyuo hukataa yaliyosomwa zaidi ya miaka kadhaa iliyopita. Halafu uliza ni krediti ngapi lazima zisomwe hapo hapo chuoni. Vyuo vingi hudai kama robo ya digrii.

“Tathmini niliyofanyiwa kwa ajili ya leseni inatosha”

Bodi ya uuguzi ya jimbo na chuo kikuu huuliza maswali mawili tofauti. Bodi inataka kujua kama mafunzo yako yanalingana na ya RN wa Marekani, na kwa hilo wengi hupitia shirika la CGFNS, ambalo sasa linaitwa TruMerit. Chuo kinataka kujua kila somo lina thamani ya krediti ngapi na ulipata alama gani. Hiyo ni tathmini ya somo kwa somo, inayofanywa na mashirika kama WES au ECE. Soma ukurasa wa udahili ujue chuo chako kinakubali shirika lipi, la sivyo utalipia ripoti mbili.

Panapochelewesha ni nyumbani. Shule ndiyo inayotakiwa kutuma transkripti moja kwa moja, si wewe kuipiga picha na kuituma. Tuma mtu anayeweza kufika ofisini mwenyewe, akiwa na barua yako ya idhini, namba yako ya usajili shuleni na mwaka wa kuhitimu. Aombe pia silabasi zilizopigwa muhuri, zenye saa za darasani na saa za mazoezi ya hospitali kwa kila somo. Transkripti isiyoonyesha saa hupewa krediti chache, kwa kuwa mtathmini hana cha kuhesabu. Na kama jina la cheti cha sekondari, la diploma na la leseni ya Marekani hayafanani, kwa ndoa au kwa majina kubadilishana nafasi, andaa hati ya kiapo au cheti cha ndoa mapema. Jalada linaweza kukaa miezi kwa herufi moja.

“BScN ya nyumbani haitambuliki, rudia”

Kuna wenye BScN ya miaka minne kutoka chuo kikuu kinachotambulika Kenya, Tanzania au Uganda ambao wameketi katika kozi ya RN-to-BSN, wakilipia kitu ambacho tayari wanacho. Inauma kuliona. Kabla ya kujisajili, fanyiwa tathmini ya somo kwa somo. Ripoti ikisema digrii yako inalingana na digrii ya kwanza ya uuguzi ya Marekani, ipeleke kwa idara ya rasilimali watu ya mwajiri wako, kisha tazama programu za uzamili. Kuna jambo jingine hapa: kwa mwombaji mwenye digrii ya kwanza, hata ya nje, ruzuku ya Pell, msaada wa masomo wa serikali kuu, haipatikani tena.

“Chuo cha mtandaoni ni chuo cha mtandaoni”

Angalia ithibati mbili. Ya kwanza ni ya chuo kizima. Ya pili ni ya programu ya uuguzi, nayo hutolewa na CCNE, ACEN au CNEA ya NLN. Usitegemee nembo iliyobandikwa kwenye tovuti ya chuo. Fungua orodha ya shirika lenyewe la ithibati na utafute jina la programu, ngazi ya digrii na jimbo. Bila ithibati ya uuguzi, mlango wa uzamili hufungwa katika vyuo vingi, na waajiri wengi hawatarudisha ada.

Ithibati pekee haimalizi suala. Chuo kinaweza kuwa kizuri na bado kisiruhusiwe kupokea wanafunzi wanaoishi jimbo lako, au kuwapangia mazoezi huko. Ukihama katikati ya masomo, waarifu kabla ya kufunga mizigo.

Kwa aliye California, uliza swali moja zaidi. Cheti cha muuguzi wa afya ya jamii cha jimbo hilo, PHN, kinadai kozi ya afya ya jamii yenye saa 90 za mazoezi yanayosimamiwa, pamoja na mafunzo ya saa 7 kuhusu kutambua na kuripoti unyanyasaji wa watoto. Programu nyingi za majimbo mengine hazifiki hapo. Mtu huhitimu BSN safi kabisa, akaomba kazi ya kaunti, akaambiwa arudi shule kwa ajili ya kozi moja.

“Ya mtandaoni haina mazoezi”

Ina mazoezi, ila si ya kutandika kitanda na kuweka sindano. Huwa ni ya afya ya jamii na ya uongozi: kuchunguza mtaa, kuhoji watoa huduma, kubuni mradi wa kuboresha huduma katika kituo chini ya mwelekezi mwenye sifa zinazotakiwa, mara nyingi BSN au zaidi. Saa za zamu yako ya kawaida kwa kawaida hazihesabiwi. Kituo na chuo lazima viwe na mkataba, na mkataba mpya unaweza kuchukua wiki nyingi kusainiwa, kwa hiyo anza kutafuta kituo muhula mmoja kabla. Andaa kipimo cha kifua kikuu, uthibitisho wa kinga ya homa ya ini B, chanjo ya mafua, cheti cha BLS (huduma ya msingi ya kuokoa maisha), uchunguzi wa rekodi za jinai na kipimo cha dawa za kulevya. BLS ikiisha katikati ya mazoezi, unasimamishwa.

“Ukipata BSN mshahara unapanda papo hapo”

Kuna hospitali zinazoongeza kiasi kidogo kwa saa, nyingine haziongezi chochote kwa muuguzi wa kitandani. Faida iko kwingine. Hospitali zenye utambuzi wa Magnet, unaotolewa kwa ubora wa uuguzi, hudai viongozi wa wadi wawe na digrii ya uuguzi. Afya ya jamii, uratibu wa huduma, ualimu wa kliniki na shule za NP (wauguzi wabobezi wanaopima na kutibu wagonjwa) huanzia hapo. New York ilitia saini sheria mnamo Desemba 2017 inayowapa RN wapya miaka 10 tangu wapate leseni wawe na BSN. Waliokuwa na leseni au walio shuleni tayari wakati huo hawahusiki. Majimbo mengine hayajaifanya kuwa sharti la leseni.

Wanaosema BSN ni karatasi tu wanakosea pia. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake, uliochapishwa katika jarida la tiba la JAMA mwaka 2003, uliangalia wagonjwa wa upasuaji katika hospitali 168 za Pennsylvania. Kila asilimia 10 ya ziada ya wauguzi wenye digrii iliambatana na kupungua kwa uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 kwa asilimia 5.

“Mwajiri analipa, basi ni bure”

Mwajiri anaweza kukulipia hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi ya mapato kwa fedha hizo. Ila wengi hurudisha baada ya kufaulu, si kabla, na hukufunga kwa mkataba wa mwaka mmoja au miwili. Ukiacha kazi mapema, unadaiwa. Kwa sababu ukomo unahesabiwa kwa mwaka wa kalenda, masomo yaliyogawanywa kati ya miaka miwili hupata mara mbili ya kiasi kile. Mwenye green card anaweza kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu. Mikopo ya serikali hudai uwe na angalau nusu ya mzigo kamili wa masomo, yaani krediti 6 kwa muhula.

Aliye kwenye viza ya mwanafunzi, F-1, awe mwangalifu sana. Katika mzigo wake wa lazima, kozi moja tu ya mtandaoni, krediti 3, ndiyo inayohesabiwa kila muhula. Programu iliyo mtandaoni yote haiwezi kumshikilia viza.

“Nina miaka kumi wadini, hizi kozi ni nyepesi”

Uzoefu wa wadi unasaidia, lakini kinachopimwa hapa ni kuandika na kutoa ushahidi. Wiki ya kawaida ina mada ya mjadala: jibu lako la kwanza Jumatano likiwa na makala mbili za kitaaluma, majibu kwa wenzako kabla ya Jumapili usiku, na ripoti ya kurasa kadhaa kwa mtindo wa APA wa kuandika na kutaja vyanzo, toleo la 7. Mwisho ni saa 5:59 usiku kwa saa za chuo. Kama chuo kiko pwani ya mashariki nawe uko Seattle, kwako hiyo ni saa 2:59 usiku, na kama zamu yako inaanza saa 1 jioni tayari uko kazini.

Alama hupotea kwenye swali pana. Muuguzi ataandika: “Tupunguze wagonjwa kuanguka.” Kila mtu anakubaliana naye, ila hakuna cha kutafiti. Mwalimu anataka PICOT: wagonjwa gani, hatua gani, ikilinganishwa na nini, matokeo gani, kwa muda gani. Kwa mfano: “Kwa wagonjwa wenye zaidi ya miaka 65 waliolazwa baada ya upasuaji, je, muuguzi kupita kitandani kila baada ya saa moja, ikilinganishwa na kusubiri kengele, kunapunguza idadi ya kuanguka ndani ya siku 90?” Swali hili unaweza kulipeleka kwenye hifadhidata za makala kama CINAHL au PubMed na kurudi na makala. Lile la kwanza litakuletea maelfu ya majibu yasiyokufaa.

Tatizo jingine ni kunakili. Kubadilisha maneno mawili matatu ya sentensi ya mtu bado ni wizi wa kitaaluma hata ukimtaja, na Turnitin, programu ya kukagua unakili, huonyesha mstari kwa mstari. Funga makala, eleza hoja kwa maneno yako kana kwamba unamkabidhi mwenzako mgonjwa wakati wa kubadilishana zamu, kisha fungua tena uhakiki takwimu na uweke jina na mwaka. Maktaba ya chuo ina mkutubi wa masomo ya afya, na kituo cha uandishi husoma rasimu bila malipo hata kwa wanafunzi wa mtandaoni. Panga miadi mapema, maana wiki za mwisho wa kozi hujaa.