Ukienda sokoni Mbuyuni, beba mfuko ulio nao nyumbani

Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile tuliyozoea kuiita rambo, ni marufuku Tanzania Bara. Kwa sisi tunaofanya kazi ya afya ya mazingira hapa Moshi, hiyo ilikuwa siku kubwa. Rambo ilikuwa nyepesi mno: upepo ukivuma inapaa, mvua ikinyesha inashuka na maji hadi mtaroni, na ng'ombe au mbuzi akiikuta imelowa mabaki ya chakula, anaimeza. Tumboni haiyeyuki. Inajikusanya mpaka mnyama anashindwa kula, na mara nyingi mwenye mnyama hajui sababu mpaka siku ya kuchinja.

Mifuko hiyo imepungua sana, na katika mikutano ya elimu kwa umma swali ninaloulizwa mara nyingi sasa ni hili: kati ya mfuko wa karatasi, ule wa kitambaa unaouzwa sokoni, na kikapu, upi ni bora kwa mazingira? Jibu langu huwashangaza wengi, kwa sababu linaanza na habari kwamba ule mfuko mbadala wa rangi rangi wanaotuuzia vijana pale Mbuyuni si kitambaa. Ni plastiki.

Uchukue uuinue kwenye mwanga wa dirisha. Utaona nyuzi nyembamba sana zimelala ovyo, kila moja na mwelekeo wake, bila mshindio wala mtande kama wa kanga. Juu yake kuna vidoa vidogo vilivyopangwa kwa mistari. Hapo ndipo nyuzi zilipobanwa kwa joto zikashikana. Malighafi yake ni polipropilini, plastiki ileile inayofumiwa viroba vya unga. Ukiuacha kwenye kamba ya nguo juani kwa miezi, utaanza kupukutika mkononi kama unga mkavu, na vumbi hilo ni vipande vya plastiki vinavyobaki ardhini.

Sisemi hivyo ili muache kuitumia. Ni mifuko mizuri, lakini uzuri wake una sharti. Kiwango kinachotakiwa nchini ni angalau gramu 70 kwa kila mita ya mraba. Tuchukue mfuko wa kawaida wenye upana wa sentimeta 40 na urefu wa sentimeta 45. Pande zake mbili zinafanya mita ya mraba 0.36, kwa hiyo una plastiki ya gramu 25 hivi, mbali na mikono yake. Sasa linganisha na mfuko mwembamba wa plastiki wa dukani: Wakala wa Mazingira wa Uingereza, katika ripoti yake ya mwaka 2011, iliukuta una gramu 8 hivi. Maana yake ni kwamba anayenunua mfuko mbadala, akaubebea nyanya mara moja na kuutupa, ametupa plastiki mara tatu ya ile ya rambo. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu nyumba nyingi ninazotembelea zina mifuko hiyo imejaa nyuma ya mlango wa jikoni, na bado mwenye nyumba akienda sokoni anarudi na mwingine mpya.

Ripoti hiyohiyo ilipiga hesabu ya hewa joto, yaani gesi zinazoongeza joto duniani, inayozalishwa tangu kutafuta malighafi, kutengeneza na kusafirisha mfuko hadi kuutupa. Ilionyesha kwamba ili kuusawazisha na mfuko mwembamba uliotumika mara moja, mfuko wa karatasi unapaswa kutumika mara 3, ule wa polipropilini mara 11, na wa pamba mara 131. Mifuko ya polipropilini iliyopimwa kule ilikuwa mizito kuliko yetu, zaidi ya gramu 100, kwa hiyo wetu mwepesi unahitaji safari chache zaidi. Pamba nayo inategemea ililimwaje. Ya Simiyu na Shinyanga inategemea mvua, wakati katika nchi nyingi pamba humwagiliwa maji mengi. Namba zenyewe zisiwatishe. Kinachopanga matokeo ni idadi ya safari ambazo mfuko unakwenda sokoni na kurudi, kuliko kitu ulichotengenezwa nacho.

Kuna jambo hesabu hiyo ya hewa joto haikulibeba, nalo kwetu ni kubwa: mfuko unaishia wapi. Mji wenye gari la taka linalopita kila mtaa na dampo lililofunikwa unaweza kutumia mfuko mwembamba na madhara yakawa madogo. Kwetu taka nyingi huchomwa uani au hutupwa kando ya korongo. Moshi wa plastiki inayoungua uani ni mchafu, na wa kwanza kuuvuta ni watoto wanaocheza hapo. Ndiyo maana naunga mkono marufuku yetu kwa moyo wote, hata kama rambo, kwa gramu zake, ilionekana nafuu kwenye karatasi za wataalamu.

Mfuko wa karatasi, ule wa kaki, una sifa moja ambayo mifuko ya plastiki haina: ukimaliza kazi yake, uchane, uulowanishe, uufukie na samadi chini ya migomba. Kihamba, shamba letu la nyumbani, kitaupokea. Lakini usiutumie ovyo kwa kuwa tu unaoza. Kutengeneza karatasi kunakula miti, maji, kemikali na nishati nyingi, na mfuko wa karatasi una uzito mara kadhaa ya ule mwembamba, kwa hiyo lori moja linabeba mifuko michache. Tena wakati wa masika haufai kabisa kwa mboga. Mnafu uliotoka kunyunyiziwa maji utautoboa kabla hujafika stendi. Utumie kwa vitu vikavu: sukari, dagaa, maharage, viungo. Ukifika nyumbani ukunje, utumike tena.

Kikapu cha ukindu ndicho ninachokipenda zaidi, na sioni haya kusema hivyo. Kinabeba sado ya nyanya bila kuzipondaponda, hakipasuki kwa kona za pakiti, kinadumu miaka, na kikichakaa hakiachi plastiki shambani. Shida yake ni kwamba kinakula nafasi kwenye daladala, na kikiachwa na unyevu kinaota ukungu. Kikung'ute, kifute, kianike juani.

Usafi nao una uzito wake. Watafiti wa vyuo vikuu vya Arizona na Loma Linda nchini Marekani walichapisha mwaka 2011 uchunguzi wa mifuko ya wanunuzi. Karibu yote ilikuwa na bakteria wengi, na asilimia 8 ilikuwa na E. koli, bakteria wa utumbo. Kuifua, kwa mkono au kwa mashine, kuliondoa zaidi ya asilimia 99.9 ya bakteria hao. Kwa hiyo mfuko wa kurudia ufuliwe kwa sabuni na ukauke vizuri, na nyama au samaki mbichi wasichanganywe na matunda yatakayoliwa bila kupikwa. Kwa bucha nashauri bakuli lenye kifuniko. Mwombe muuzaji aliweke kwanza tupu juu ya mzani ili uzito wake utolewe kwenye hesabu. Wengine vijijini bado hufunga nyama kwa jani la mgomba lililobabuliwa motoni likalainika, na njia hiyo ni safi ikiwa jani limeoshwa.

Mahali tunapoteleza kwa sasa ni vile vifuko laini vinavyoonyesha, vya kupimia karanga, ndimu na hata nyanya. Sheria iliruhusu vifungashio kwa kazi maalumu, kama bidhaa za viwandani, kilimo, usindikaji wa vyakula na huduma za afya. Haikuruhusu vitumike kubebea mizigo kutoka sokoni. Anayekutwa na mfuko wa plastiki uliokatazwa anaweza kutozwa faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote viwili. Mama anayeuza mnafu akikuuliza, "Nikuwekee kwenye kifuko, dada?" mwambie, "Hapana mama, weka humu kwenye kikapu." Naye anaokoa hela, maana vifuko hivyo anavinunua mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani, weka mfuko pale ambapo huwezi kuusahau: umeukunja ndani ya pochi, au umeufunga kwenye baiskeli, au chini ya kiti cha pikipiki. Wanaosahau mara nyingi wanao mifuko, ila imekaa mahali wasipopaona wakati wa kutoka.

Na kama yako imeshazidi, usiichome. Chagua iliyo mizima, ifue, ianike kivulini, kisha umpelekee mama wa genge mtaani kwako. Wateja wake wengi huja mikono mitupu jioni wakitoka kazini, naye atawapa hiyo badala ya kufungua bando jipya. Iliyochanika mikono bado inafaa kuhifadhia mkaa, viatu au mbegu za msimu ujao, mradi ikae ndani, mbali na jua.